Siku Mheshimiwa Aliponyamaza

Watu wanaomfahamu Jovini Kwizera husema vitu viwili havizuiliki huku Marekani: theluji ya Buffalo na mdomo wa Jovini. Theluji haina faida kwa mtu. Mdomo ule, jamani, ulimfaidia mwenyewe. Ndio uliouza unga wa muhogo, mawese na ndagala, wale dagaa wakavu, kutoka kwenye gari moja bovu mpaka akawa na ghala lake kaskazini mwa Columbus, na malori yanayoshusha chakula Louisville na Buffalo. Ndio uliomfungulia milango kuanzia Clintonville mpaka Westerville, wazee wa Kizungu wakakaa barazani kumsikiliza kijana aliyezaliwa kambini Kibondo, wakacheka naye, na mwezi wa kumi na moja wakampigia kura awe mbunge wa jimbo la Ohio. Tangu hapo hata watoto wa kanisani wanamwita Mheshimiwa.

Na mdomo huohuo ndio uliomkosesha mke.

Généreuse aliyajua hayo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana Jumamosi ile, badala ya kutulia kitandani kama binti anayeposwa, alikuwa amepiga magoti sakafuni na kitenge chake kipya, jicho lake likiwa kwenye tundu la hita. Nyumba ya shangazi yake Emérence ni ya zamani, kama nyumba nyingi za upande ule wa Buffalo. Sakafu ya chumba cha juu ina chuma chenye matundu ili joto la sebuleni lipande. Basi joto hupanda, na maneno hupanda nalo.

"Toka pale, utachafua kitenge," shangazi alimkemea.

"Shangazi, acha nione kama alishafika."

"Alishafika. Nilisikia biatu. Songa kidogo, na miye nione."

Wakabanana pale, shangazi na mtoto wa kaka yake, kama watoto wanaochungulia jikoni. Chini walionekana watu kwa utosi tu. Upara ule ulikuwa wa baba yake, Mzee Murhula; mama yake alikuwa jikoni, haonekani. Kofia ile ya manyoya ilikuwa ya baba mdogo Byamungu, msemaji wa upande wao. Ng'ambo ya meza, karibu na kreti za Fanta walizokuja nazo wageni, alikaa Mzee Ngarambe, msemaji wa Jovini, mzee wa Kirundi mwenye sauti ya taratibu. Na pembeni yake, koti la kijivu, theluji ikiyeyuka mabegani, mikono miwili imetulia magotini.

Généreuse aliitazama ile mikono. Mikono ile ndiyo aliyoiona kwanza, zamani, dukani Louisville, imebeba gunia la unga. "Dada, usinitazame hivyo," mwenye gunia alimwambia, "nitaliangusha, na bosi ni mimi mwenyewe." Alicheka siku ile mpaka akasahau alichokuja kununua. Mwanamume wa kukuchekesha unaweza kumsahau, ukijitahidi sana. Yeye alijitahidi na akashindwa.

"Leo akinyamaza, tumepona," shangazi alinong'ona.

"Na asiponyamaza?"

Wote wawili walikumbuka ya Louisville.

Kwao Généreuse, Bukavu kule Kongo, na kwao Jovini, Burundi, kuna desturi moja wasiyobishania: siku ya posa, anayeoa hasemi. Analetwa, anakaa, anainamisha kichwa. Msemaji wake ndiye anayebembeleza, anayetaniwa na kutoa majibu. Anayeoa akiwa na neno, analinong'ona sikioni mwa msemaji, basi. Anayefungua kinywa mbele ya baba mkwe amemtukana.

Jovini alilelewa ndani ya desturi hiyo. Lakini mazoea yana taabu. Siku ya posa ya kwanza, kiangazi kilichopita, alifika Louisville akitoka kuhutubia kwenye kampeni tangu asubuhi, na Mzee Ngarambe aliponyamaza kidogo ameze mate, Jovini akasimama. Akafunga kifungo cha koti, kama afanyavyo kila anapotaka kuhutubia. Akatabasamu kulia, akatabasamu kushoto. Akaeleza ukoo wake, biashara yake na mipango yake ya kesho na kesho kutwa, akaeleza vizuri mno, na mwisho, ulimi hauna mfupa, akamalizia kama alivyozoea: "Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba kura zenu."

Mzee Murhula alimtazama mpaka akachoka kumtazama.

"Hapa iko Kentucky, haiko Ohio," alisema. "Hatuna kura ya kukupa. Na mutoto pia hatuna."

Généreuse alimfuata Jovini nje, machozi yanamtiririka. "Ulikuya kunioa ao ulikuya kutafuta kura?"

"Généreuse, nilitaka wajue ninavyokupenda!"

"Balikuwa banajua! Njo maana balikufungulia mulango. Ulipashwa tu kunyamaza, Jovini. Siku moja tu mu maisha yako!"

Akahama Louisville, akaja kwa shangazi Buffalo kulea wazee wa watu, na simu za Jovini hakuzipokea. Wala asingezipokea mpaka leo, kama mama yake asingempigia siku moja kutoka kitandani hospitalini.

Mama alikuwa ameanguka kwenye ngazi za kanisa, nyonga ikavunjika. "Généreuse," alisema kwenye simu, kwa sauti ya chini ya mtu anayeiba, "ule muburundi wako alikuya. Alileta supu. Kila dimanche anakuya, saa baba yako iko ku kazi. Lakini uniapie hautamwambia baba yako. Alikataza huyu mutu asikanyage kwetu, na miye nilimupokea." Wakati huo siku za uchaguzi zilikuwa zimekaribia, kila mgombea analala mlangoni kwa wapiga kura, na Jovini kila Jumapili anaendesha gari kutoka Columbus mpaka Louisville kumlisha mama wa watu. Généreuse aliapa. Kisha akalia usiku kucha, na asubuhi akapokea simu.

Ilimbidi Mzee Ngarambe abembeleze sana mpaka Mzee Murhula akakubali kikao cha pili. Jibu lake lilikuwa fupi: "Nyumba yangu ya Louisville hataingia. Mumulete Buffalo, kwa dada yangu. Akifungua kinywa, hata kama ni kwa kupiga chafya, murudie na Fanta yenu ku Columbus. Kikao ya tatu haiko."

Sasa chini, Byamungu alikuwa anajipasha moto.

"Bon, Mzee Ngarambe, tunawasalimia. Ku njia iko theluji mingi, na mulikuya tu. Inaonekana munatafuta kintu."

"Tunatafuta, ndugu yangu," Ngarambe alijibu. "Tulipita jirani tukaona ua limechanua kwenye nyumba hii. Tukasema, hawa ni watu wema, tukiomba kwa adabu hawatatufukuza."

"Maua mu Buffalo, mwezi wa pili? Mzee, macho yako iko sawa?"

Watu wakacheka.

"Tena tunasikia muko na mutu mukubwa," Byamungu akaendelea. "Mheshimiwa. Iko wapi? Miye naona tu kijana mwenye theluji ku mabega, sawa mutu wa kupakia malori."

Wakacheka zaidi. Pale juu Généreuse aliuma mdomo. Alimjua Jovini. Utani wa namna ile alikuwa na majibu yake tayari, matamu, ya kuwaangusha watu kwa kicheko. Akauona mkono wa kulia ukiinuka kutoka gotini, polepole, ukielekea kwenye kifungo cha koti.

"Yesu wangu," alisema. "Shangazi, anafunga kifungo."

"Nyamaza, atasikia!"

Mkono ukafika kwenye kifungo, ukakishika, ukakipapasa. Kisha ukarudi gotini. Mzee Ngarambe akajibu kwa niaba yake kwamba aliyepakia malori yake mwenyewe hana aibu ya theluji, na kikao kikaendelea vizuri. Wakataniana juu ya ng'ombe, juu ya umbali wa Columbus, juu ya Warundi na ugali wao. Mara mbili Généreuse alijikuta anatabasamu. Shangazi naye alishaanza kuinuka aende kuchemsha chai.

Ndipo Mzee Murhula akainua mkono.

"Byamungu, acha kidogo. Mwenye mutoto anataka kuuliza."

Baba wa binti ana haki ya kuuliza, hakuna wa kumzuia.

"Maneno iko mazuri," Mzee Murhula alisema. "Miye maneno hainisumbue. Nitauliza juu ya roho. Mwaka jana muke wangu alianguka, alivunjika. Bantu balikuya kumuona, hata benye hatujuane nabo. Bamama ba kanisa bakatuma chakula. Donc, miye nilikuwa nikiangalia mulango. Nilijisemea: ule mutoto, hata nilimufukuza, kama iko na roho, atatuma hata neno. Mzee Ngarambe, hakutuma. Nilikuwa namuona ku televizyo, anacheka na Bazungu, anatafuta kura. Muke wangu analala ku hopitali, na yeye anacheka!" Hakuwa anaigiza, lilimuuma kweli. "Sasa namuuliza yeye mwenyewe. We, Kwizera. Siku zile ulikuwa wapi?"

Généreuse aliruka kama aliyeguswa na moto. "Ni uongo, Shangazi! Alikuwa anaenda! Kila dimanche alikuwa anaenda, mama mwenyewe aliniambia!"

Shangazi Emérence akamdaka mkono. "Kaa chini."

"Nishuke niseme!"

"Ukishuka bila kuitwa, umemuharibia. Kaa, mwanangu. Tuone yeye atafanya nini."

Alipiga magoti tena, jicho kwenye tundu. Mzee Ngarambe alikuwa amemgeukia Jovini na kumtegea sikio. Hakujua lolote juu ya hospitali. Wala yeye hakuwa ameambiwa. Ilikuwa ruhusa kabisa kumnong'oneza. Neno moja tu kwenye sikio la mzee, na aibu yote ingemrudia aliyeuliza. Lakini neno lilelile lingemwangukia mama wa watu jikoni, mbele ya mumewe, mbele ya wakwe.

Mkono ukaenda kwenye kifungo, na safari hii ukakifunga. Généreuse akafumba macho.

Alipoyafumbua, Jovini alikuwa ameinua uso anatazama juu, labda anamwomba Mungu. Macho yake yakapita kwenye dari, yakafika kwenye chuma chenye matundu, yakakutana na jicho la Généreuse.

Hawakuwa wameonana tangu Krismasi. Jovini alikuwa amekonda, na chini ya macho palikuwa na uchovu ambao picha za gazetini huwa zinaufuta. Alimtazama kama mtu aliyekuwa anazama akaona ukingo. Généreuse alitaka kumpigia kelele, sema, mpenzi wangu, sema ujiokoe! Badala yake akakuta kichwa chake kinatikisika polepole: usiseme. Naye akamuelewa. Alimwona akielewa. Kidole gumba kikakifungua kile kifungo, uso ukainama, na Jovini akamnong'oneza mzee maneno machache.

Mzee Ngarambe aliyatoa kwa taabu, maana yalikuwa machungu. "Mzee Murhula," alisema, "mtoto wetu anasema swali lako ni la haki. Anasema hana la kujibu."

Mtu mmoja akasonya. Mzee Murhula akaegemea kiti, na cha ajabu hakuonekana ameshinda. Alionekana mtu aliyetegemea jibu akalikosa.

"Bon," alisema. "Iko vile. Byamungu, basaidie kubeba Fanta yabo."

Kreti ya kwanza ikainuliwa, chupa zikagongana. Généreuse aliuziba mdomo wake kwa kitenge asilie kwa sauti. Na katika kugongana kule kwa chupa ikasikika sauti nyingine, kutoka jikoni: fimbo ikigonga sakafu ya mbao. Mama yake alikuwa anakuja, taratibu, na nyonga yake iliyoungwa.

"Weka ile kreti chini," mama alisema.

"Mama Généreuse, hapa iko kikao ya babaume," Byamungu alimkumbusha.

"Najua. Na wanaume bako karibu kumuzika mutoto wa watu kwa sababu yangu. Weka chini." Kreti ikawekwa. Akamgeukia mumewe. "Baba Généreuse, ile supu ya ndagala ya ku hopitali, unaikumbuka?"

"Namna gani sitaikumbuka? Ya bamama ba kanisa."

"Nani alikuwa anakula yenye kubakia?"

Mzee Murhula akajikuna upara. "Si tulikuwa tunakula sisi wote."

"Ulikuwa unamaliza sufuria peke yako! Ulikuwa unalamba na kijiko! Na ulisemaka nini? Ulisema, mama mwenye kupika hivi, bwana yake iko na bahati."

"Nilisema. Ni kweli."

"Basi ule mama njo ule pale, mwenye koti ya gri."

Kisha nyumba ikalipuka. Mzee Ngarambe alicheka mpaka akavua miwani. Byamungu alikalia kreti ya Fanta akijipiga mapajani. Hata shangazi, pale juu, alianguka kitandani na mto mdomoni. Jovini peke yake hakucheka. Kichwa alikiinamisha zaidi ya mwanzo.

"Kila dimanche," mama aliendelea, na sasa alikuwa analia. "Wewe uko ku shifti, yeye anatoka Columbus asubuhi. Ananilisha. Ananisukuma mu kiti ya magurudumu, tunatembea mu korido, tunaomba Mungu, anarudia. Na kura zake bado. Miye njo nilimuapisha asiseme, juu nilikuogopa, Baba Généreuse. Sasa chagua utanikasirikia miye ao nani."

Mzee Murhula hakukasirika. Alimsogezea mkewe kiti chake mwenyewe, akamkalisha, akabaki amesimama. Kisha akamwambia Ngarambe, kwa sauti ambayo Généreuse hakuwahi kuisikia kwa baba yake:

"Mzee, wewe ulijua?"

"Haki ya Mungu, nasikia leo, kama wewe."

"Hata wewe hakukuambia. Na sasa hivi nimemutukana mbele ya bantu, na alikuwa na jibu mu kinywa." Akatikisa kichwa. "Mutu wa maneno mingi kama huyu."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mzee Ngarambe alisema.

"Kweli kabisa." Mzee Murhula akajipangusa uso kwa kiganja. "Emérence! Najua unasikia, uko juu ya ile tundu tangu asubuhi! Niletee mutoto wangu!"

Ngazi za nyumba ile hulia hata akipita paka. Généreuse alishuka na shangazi akimshika kiwiko, uso umefutwa kwa haraka na wanja umekwenda ulikotaka. Hakujali. Jovini, kwa adabu, hakuinua uso. Aliona viatu vyake tu vikipita mbele yake. Lakini alipopita, Généreuse aliachia upindo wa kitenge uguse goti lake, na mikono ile miwili ikashikana kwa nguvu.

Baba akachukua chupa moja ya Fanta, akaiinua juu watu wote waione.

"Mama yangu," alimwambia binti yake, kama alivyomwita tangu utotoni, "bageni balileta hii. Nikifungua, imeisha. Nisipofungua, barudie nayo. Jibu iko yako, haiko yangu. Tukunywe?"

Alikuwa ameliandaa jibu la kiungwana, la binti wa watu. Likamtoka jingine.

"Mukunywe, Baba. Mukunywe yote, na kreti mulambe!"

Vigelegele vikapigwa mpaka majirani wa Kizungu wakafungua mapazia. Vizibo vikaruka. Shangazi akacheza kwenye nafasi isiyotosha mtu kucheza. Katikati ya shangwe hiyo yote mtu mmoja alikuwa bado ameinamisha kichwa na kufunga mdomo, na Mzee Murhula ndiye aliyemwona.

"Angalia! Bado ananyamaza! Mzee Ngarambe, umwambie nimemuruhusu. Sasa aseme. Aseme yote!"

Simu zikatolewa mifukoni, zikainuliwa. Mheshimiwa anahutubia, nani akose? Jovini akasimama. Mkono ukaenda kwenye kifungo cha koti, ukakikosa. Ukakitafuta tena, ukakikosa tena. Akamtazama mama aliyekaa kitini na fimbo yake, akamtazama Mzee Murhula, mwishowe akamtazama Généreuse, na pale ndipo machozi yalipomshinda. Mdomo uliomfikisha bungeni ukafunguka bila kitu.

"Asante, Baba," alisema. Akakaa.

Simu zikabaki juu, zikisubiri.

"Iko tu vile?" Byamungu aliuliza.

Lakini Mzee Murhula alikuwa ameshazunguka meza. Akamshika binti yake mkono, akamvuta mpaka mbele ya lile koti la kijivu.

"Miye nakaa Kentucky," alisema, akiuweka mkono wa Généreuse katika mkono wa Jovini na kuifunika yote miwili kwa wake. "Lakini kura yangu uliyoomba siku ile, njo hii. Chukua."